Fundi Anajibu: Toyota 86 ya kawaida au yenye vikorombwezo?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa Tabata Segerea. Nimeendesha IST miaka tisa, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiweka akiba ya Toyota 86. Sasa fedha imetimia. Wakala amenitumia picha za magari mawili kutoka Japani, yote manyuo, yote ya 2014. La kwanza ni G, toleo la kawaida, jeupe, kilomita 68,000, mnadani limepewa alama 4 ya hali yake. La pili ni GT Limited, toleo la juu, jekundu, kilomita 91,000, limepewa alama 3.5, lina viti vya ngozi na bawa nyuma. Mpaka gari lifike mlangoni kwangu, tofauti ni shilingi milioni nne na nusu. Kaka yangu anasema ukinunua gari la spoti nusunusu utajuta kila ukiliangalia. Kutoka kwangu hadi lami kuna mita kama mia nne za vumbi na matuta mawili. Nichukue lipi? – Msomaji wa Tabata

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hongera, maana kuendesha IST miaka tisa huku unajinyima kwa ajili ya gari moja ni kazi. Chukua G. Nimetanguliza jibu kwa sababu gari zuri halikai mnadani, lakini naomba unisikilize kwa nini.

Kaka yako anakutakia mema. Alipopotea ni pale alipodhani G ni nusu ya gari. Injini ni ile ile, FA20, sisi 1,998, pistoni zimelala ubavuni kulia na kushoto, kila moja upana wa milimita 86 na mwendo wa milimita 86. Inatoa nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, uwe umenunua ya bei ya chini au ya juu kabisa. Injini hiyo ni ya Subaru, na gari lenyewe limeunganishwa kiwandani kwa Subaru, Gunma. Kwa kuwa pistoni zimelala, injini imekaa chini sana na uzito wote wa gari umekaa chini nayo. Raha ya 86 iko hapo. Hiyo raha G inayo yote, na ni nyepesi kidogo kuliko mwenzake.

Sasa tugawe mafungu mawili: chuma na vikorombwezo. Chuma ni kile kinachobadilisha namna gari linavyokwenda na linavyosimama. GT, na GT Limited iliyo juu yake, zina difu ya Torsen, diski za breki kubwa zaidi na za nyuma zenye matundu ya hewa katikati, pamoja na taa za zenoni. Hivyo ni vitu vya maana, sitakudanganya. Difu ya kawaida, tairi moja la nyuma likianza kuteleza, nguvu inakimbilia huko huko linakoteleza. Torsen inaisukuma upande wa tairi lililoshika. Ukitoka kwenye kona yenye maji huku umekanyaga mafuta, utaisikia tofauti kiunoni kabla hujaiona. Kwa hiyo ukichukua G ya difu ya kawaida, hilo unalikosa. Breki za G zinatosha kabisa kwa gari la kilo 1,200 na kidogo linalokwenda Posta na kurudi. Taa zake ni za balbu za kawaida, na Barabara ya Bagamoyo usiku, bodaboda asiye na taa mbele yako, zenoni ingekusaidia. Ila tafadhali usije ukafunga balbu za zenoni za bei rahisi kwenye taa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Zinamwaga mwanga machoni mwa anayekuja, na anayepofuka ni mtu wa familia ya mtu.

Vikorombwezo ndivyo hivyo vingine: ngozi, bawa, AC ya kujipanga yenyewe, kuwasha gari kwa kitufe. Viti vya GT Limited vina mfumo wa kupasha moto makalio, kwa sababu Japani kuna theluji. Wewe utaegesha mbele ya duka Segerea mwezi wa pili saa nane mchana, ngozi nyeusi imeota jua tangu asubuhi. Kiti cha kitambaa cha G utakikalia bila kutandika kanga. AC ya G unazungusha kwa mkono, lakini baridi yake ni baridi ile ile.

Jambo lililonifanya niandike kirefu hivi ni tairi. G ilitoka kiwandani na 205/55R16. GT inavaa 215/45R17. Zisome namba hizo kama unavyosoma dozi kwenye boksi la dawa: ya pili ni asilimia ya ya kwanza. Asilimia 55 ya 205 ni milimita 112 na ushee, ndio urefu wa ubavu wa tairi la G. Asilimia 45 ya 215 ni karibu milimita 97. Tofauti ni sentimita moja na nusu ya mpira na hewa kati ya rimu yako na shimo. Japani sentimita moja na nusu si kitu. Kwetu masika yakianza, ndiyo inayoamua kama utafika kazini.

Mimi nililipia kulijua hilo. Mwaka 2006 nilinunua Altezza RS200 Z Edition. Wenzangu wa gereji walinunua AS200, ile yenye injini ya 1G ambayo Dar hii kila fundi anaifungua amefumba macho, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye Mark II na Chaser. Mimi nikasema hapana, nataka ya juu, farasi 210, rimu 17. Tairi zake zilikuwa 215/45R17, saizi ile ile ya hiyo GT Limited yako. Mvua za Aprili, usiku, karibu na Mwenge, maji yamelala barabarani kama kioo. Nikaingia shimoni kwa tairi la mbele, la nyuma likafuata. Rimu mbili zilipinda, tairi moja lilichanika ubavuni. Jirani yangu alikuwa nyuma yangu na AS200 ya rimu 15. Alipita shimo lile lile, akasimama mbele, akarudi kwa miguu kunimulikia tochi huku nikipiga jeki kwenye maji. Altezza ile niliipenda sana. Ilikuwa inaimba ikifika mizunguko 7,000. Lakini mwaka mzima fedha yangu ilikwenda kwenye rimu, tairi na bushi, na siku za kuiendesha kwa raha zikawa chache kuliko siku za kuitengeneza. Niliiuza baada ya miezi kumi na minne, na hadi leo nikisikia mlio ule Sinza ninageuka.

Ndiyo maana nakuomba hiyo milioni nne na nusu usiipeleke Japani. Ibaki hapa ikusubiri. Gari likifika, kabla hujalitembeza popote, badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, na maji ya breki. Weka tairi nne mpya za kampuni inayoeleweka. 205/55R16 ni saizi ya magari mengi, utachagua badala ya kubembeleza. Plagi zake ziko ubavuni mwa injini, mkono unaingia kwa tabu, kwa hiyo usishangae ufundi ukiwa ghali kuliko plagi zenyewe. Kata bima kubwa. Kitakachobaki kiweke kando, maana spea za 86 hutazikuta zimepangwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani kama za IST. Nyingi utaagiza, na kusubiri kuna gharama yake. Baada ya mwaka, ukiona kweli unaitamani Torsen, difu iliyotumika inaagizwa kutoka Japani ikafungwa. Hakikisha tu uwiano wa gia zake ni sawa na wa yako.

Kuhusu yale matuta mawili: 86 imeinuka kama sentimita 13 tu kutoka ardhini. Kesho asubuhi chukua futi ya fundi cherehani na kipande cha mbao kilichonyooka, upime kila tuta, kimo chake na upana wake. Tuta refu kwenda juu na jembamba ndilo baya, maana tairi za mbele zinashuka upande wa pili tumbo likiwa bado juu yake. Ukikuta limezidi, zungumza na mjumbe na majirani kabla gari halijapanda meli. Matuta ya mtaani yamewekwa na watu, na watu huzungumzika.

Mwambie wakala akupe karatasi halisi ya mnada, si maelezo aliyoandika yeye. Aombe na picha za chini ya gari. Magari yaliyoishi mikoa ya theluji kama Hokkaido hukanyaga chumvi inayomwagwa barabarani, na kutu huanzia usikokuona. Angalia pia kama springi zimekatwa au kubadilishwa ili gari lilale. Vijana wa kule hupenda hivyo, na kwako lililolala halitoki hata uani.

Kama G hiyo itachukuliwa kabla hujalipa, usikimbilie Limited kwa hasira. Tafuta GT ya kawaida isiyo na Limited, yenye karatasi safi. Hiyo ina chuma chote nilichokutajia, bila viti vya theluji. Ukiipata kwa bei inayokaribiana na G, ichukue, kisha uivalishe rimu 16 zinazopita kwenye breki zake. Zijaribu kwanza, kwa kuwa breki za GT ni kubwa na si kila rimu 16 itaingia.

SWALI: Fundi, nimepata 86 GT ya 2013 na G ya 2017, bei ya kule haipishani sana. Si bora GT? – Msomaji wa Kigamboni

JIBU: Ndugu yangu, kwanza piga hesabu ya bandarini. Kwa viwango vinavyotumika ninapoandika, injini ya sisi 1,001 hadi 2,000 hulipa ushuru wa bidhaa asilimia 5. Ila gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Chukua thamani ya gari pamoja na bima na meli kuwa milioni 10. Weka ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa na uchakavu juu ya jumla hiyo, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Lile la 2017, lenye uchakavu wa asilimia 15, linafika milioni 17.7, lile la 2013, lenye asilimia 30, milioni 19.9, bila tozo ndogondogo. Zaidi ya milioni mbili umelipia umri, na umri huo huwezi kuuendesha. Thibitisha kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujatuma fedha.

Kuna la pili, na kwangu lina uzito zaidi. Novemba 2018 magari ya FA20 yaliyotengenezwa 2012 na 2013 yaliitwa warudishwe kwa ajili ya springi za valvu, ambazo zingeweza kukatika. Kuzibadilisha ni lazima injini ishushwe. Kama bado unaitaka hiyo ya 2013, ingiza namba yake ya chesesi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani uone kama kazi hiyo ilifanyika. Kama haikufanyika, iache. Nayo ya manyuo iliyotoka baada ya maboresho ya 2016 imeongezewa nguvu ikafika farasi 207, hata ile ya G. Mimi ningechukua ya 2017.

SWALI: Kuna 86 RC ya bei ya chini kabisa. Haina AC. Nikifunga AC hapa Dar nitakuwa nimeokoa? – Msomaji wa Mbezi Beach

JIBU: Hapana. RC ilitengenezwa kwa mtu anayenunua gari ili alivue na kulijenga upya la mashindano, ndiyo maana ilitoka na rimu za chuma na bampa ambazo hazijapakwa rangi. Kufunga AC unahitaji kompresa, kondensa, ivapoleta iliyo ndani ya dashibodi, mabomba, nyaya na vitufe vyake, vyote vya gari hilo hilo, halafu dashibodi ishuke na irudi bila kuanza kulia. Wakati huo wewe upo kwenye foleni ya makutano ya Morocco, vioo umeshusha, pikipiki imekuegemea mlangoni. Ongeza fedha uchukue G.