Maswali ya Wasomaji: "Free" ya Kiingereza kwa Kifini

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ya wageni Jambiani na baadhi ya wageni wangu wanatoka Ufini. Nataka vibao na menyu kwa lugha yao. Kwa neno "free" kamusi inanipa vapaa na ilmainen. Niandike lipi?

JIBU: Waalaykumu salaam. Kiweke Kiingereza pembeni, uanzie kwenye Kiswahili, kwani chenyewe kimeshazitenganisha maana hizo.

Ukikusudia bure, andika ilmainen: ilmainen aamiainen, kifungua kinywa cha bure. Ila kama gharama yake imo kwenye bei ya chumba, muungwana huandika aamiainen sisältyy hintaan, kimo ndani ya bei. Vapaa ni kisicho na mtu au kizuizi: vapaa huone, chumba kilicho wazi. Vapaa pääsy, yaani kuingia bila kiingilio, limezoeleka hivyo. Lichukue kama lilivyo.

Kumuuliza mgeni kama ana nafasi kesho ya kutoka na ngalawa, sema Onko sinulla aikaa huomenna? Ukisema Oletko vapaa? anaweza kudhani unamuuliza kama ana mchumba.

Kwenye menyu ndiko kwenye kazi, maana hapo "free" ni "isiyo na". Kifini hubandika -ton mwishoni mwa neno lenye a, o au u: sokeriton, isiyo na sukari, gluteeniton, isiyo na gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano. Lenye ä, ö au y huchukua -tön: pähkinätön, isiyo na karanga wala korosho. Shina nalo hubadilika: maito ni maziwa, lakini isiyo na maziwa ni maidoton, si "maitoton".

Mkate wa kumimina wa mchele na tui la nazi unastahili gluteeniton na maidoton pamoja. Tui huitwa kookosmaito, nalo si maziwa ya mnyama. Mpishi akitia ngano, hata kijiko kimoja, futa gluteeniton siku hiyo hiyo: mwenye keliakia, ugonjwa wa kutovumilia gluteni, huumizwa utumbo na kiasi kidogo sana. Chombo kilichokandiwa unga wa ngano kisitumike kabla ya kuoshwa vizuri.

Mchapaji asiache nukta za ä na ö. Sää ni hali ya hewa. Bila nukta huwa saa, yaani "anapata" au "anaruhusiwa".