Maswali yenu: Nikiufuta ukurasa huu wa kusachi, kesho asubuhi umerudi

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta mbili, nachapa, natoa kopi, na wanafunzi wanakuja kuangalia matokeo na kuomba mkopo. Kama wiki mbili hivi Chrome kwenye kompyuta moja nikiifungua inaleta ukurasa wa kusachi nisioujua, na hata nikiandika kitu kule juu napelekwa hukohuko, majibu ya mwanzo yote matangazo. Nimeingia setingi nikarudisha Google, inakaa vizuri kutwa nzima, nikizima nikawasha kesho yake umerudi. Nimeifuta Chrome nikaiweka upya, bado. Fundi anasema nipige Windows upya na humo ndani kuna kazi za wateja za miaka mitatu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu pole sana, na tafadhali usipige Windows kwanza. Umesema kitu kimoja cha maana sana, kwamba inakaa vizuri mpaka uzime. Hiyo inaonyesha kuna programu nje ya Chrome inayoamka pamoja na kompyuta na kuurudisha ule ukurasa, ndo maana kuifuta Chrome hakujasaidia, umesafisha sebule wakati mwenyewe amejificha jikoni.

Kabla ya yote, leo hii hii usimruhusu mwanafunzi kuingiza pasiwedi kwenye hiyo kompyuta. Programu za namna hii mara nyingi huja na ekstensheni, yaani kiprogramu kidogo kinachoongezwa ndani ya brauza, yenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye kila tovuti unayofungua, na mtoto wa watu anaingiza humo namba ya mtihani, namba ya NIDA, akaunti ya benki. Watumie ile nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Fungua Control Panel, nenda kwenye orodha ya programu zilizoinstoliwa, zipange kwa tarehe, halafu tazama zilizoingia siku ile tatizo lilipoanza au siku moja mbili kabla. Kwa steshenari mi ningeanza kuangalia vile vikonveta vya bure vya kugeuza PDF kuwa Word, maana ndivyo tunavyovidaunlodi haraka haraka mteja akiwa amesimama hapo anasubiri, tunabonyeza Next, Next, Next bila kusoma, kumbe katikati pale palikuwa na kiboksi kimeshawekewa tiki kinachosema unakubali kubadilishiwa ukurasa wa kwanza. Hawa watu wanalipwa kwa matangazo, kila ukisachi kupitia kwao wanaingiza hela, kwa hiyo wanakaza kweli wasitoke. Usiyoitambua andika jina lake, litafute kwa kutumia simu, ukihakikisha haina kazi iondoe.

Ukimaliza hapo daunlodi AdwCleaner kwenye tovuti ya Malwarebytes yenyewe, siyo kwingine, maana zipo tovuti zinazokupa kitu hichohicho kikiwa kimefungashiwa uchafu mwingine. Ni ya bure na ni ndogo. Iache iskani, soma ilichokuta, ikubalie isafishe, kompyuta itajizima na kuwaka. Hii inafika sehemu ambazo kwa mkono ni ngumu, kama kazi zilizopangwa kujianzisha zenyewe kila kompyuta ikiwaka, na rejistri, yaani pale Windows inapohifadhi setingi zake.

Halafu angalia ikoni unayobonyeza kufungulia Chrome, watu wengi wanaikosa hii. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi (kama umeibandika kule chini kwenye mstari, shikilia Shift huku unabonyeza), chagua Properties, tazama boksi la Target. Kwa kawaida linaishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu, ukikuta baada ya hapo kuna anwani ya tovuti imening'inia basi hata ubadilishe setingi mara mia utapelekwa kulekule, futa hiyo anwani tu, uache yaliyoitangulia kama yalivyo. Rahisi zaidi futa ikoni yote utengeneze nyingine.

Ndani ya Chrome andika kule juu chrome://extensions uondoe usiyoijua. Ikikataa kuondoka, au kwenye menyu ukaona maandishi kwamba brauza yako inasimamiwa na shirika, wakati kompyuta ni yako mwenyewe na hakuna shirika lolote, ujue wameweka sera, yaani amri zinazoilazimisha Chrome, kwenye rejistri. Andika chrome://policy uone ni zipi. Hapo sasa ndo umwite fundi, lakini aje kuondoa hizo sera, siyo kuifuta kompyuta. Mwisho ingia setingi ufanye riseti, inarudisha ukurasa wa kwanza na injini ya kusachi, inazima ekstensheni zote, bukumaki na pasiwedi zako haizigusi.

Kitu kingine, kama kwenye hiyo Chrome umeingia na akaunti yako ya Gmail na hiyohiyo iko kwenye laptopu ya nyumbani, zima sinki (sync, ile inayofananisha Chrome za vifaa vyako) kwanza mpaka zote mbili ziwe safi. Ekstensheni inasafiri na akaunti, unaitoa dukani inarudi kutoka nyumbani. Na hizi pasiwedi zilizopita hapo, yako na za wale wateja unaowakumbuka, zibadilishwe kupitia kifaa kingine. Najua ni aibu kumpigia mteja kumwambia hivyo, mpigie tu.

Usijione mzembe. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitoa taarifa ya Fireball, kitu cha aina hiihii kilichobadilisha ukurasa wa kwanza na kuja kimefungashwa na programu za bure, wakakadiria kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani, Microsoft wakasema hesabu hiyo imezidi, lakini hata ukipunguza bado ni watu wengi mno.

SWALI: Kaka, mimi ni simu, kila saa naletewa notifikesheni kwamba ina vairasi 13, sijainstoli kitu. Ni nini?

JIBU: Hiyo siyo vairasi mdogo wangu, kuna tovuti uliyoifungua ikakuomba ruhusa ukabonyeza kukubali. Notifikesheni ikija tena usiifungue, ikandamize kidole mpaka ikuletee chaguo la kuzima. Kisha ingia setingi za Chrome, setingi za tovuti, notifikesheni, utaona majina ya tovuti zote ulizoruhusu, ondoa usizozijua. Na ile "antivairasi" wanayokuambia udaunlodi, achana nayo kabisa.