Mvue nguo kwanza, hema litakuja: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya sumu na mionzi

Nimetoka kusimamia zoezi la kundi jipya na bado nina hasira, ila hasira ya mtu anayewapenda. Majeruhi wa kuigiza kalala kando ya pipa, watatu wenu mkachomoka mbio bila hata kuangalia upepo unatoka wapi, na wa kwanza kufika kapiga magoti katikati ya kimiminika. Kwenye karatasi yangu mmoja akawa wanne. Haya yote tuliyasema darasani mkaitikia ndio mwalimu, ndio mwalimu, kwa hiyo leo naandika, labda ya kusoma yatawaingia.

1. Upepo uwe mgongoni, na simama upande wa juu wa mteremko. Darubini iko kwenye gari kwa sababu, soma kibao cha rangi ya chungwa kwenye lori lililobeba kemikali ukiwa mbali: 1005 amonia, 1017 klorini, 1203 petroli, na ukiona X mbele ya namba za juu basi maji yako yaache kwanza, hiyo kitu inagombana na maji. Klorini ni nzito kama mara mbili na nusu ya hewa, inatambaa chini. Kuna mmoja wenu nilimuuliza mbona uko mtaroni akasema najikinga. Haya, umejikinga nayo humo humo.

2. Mita ya gesi nne inasoma vitu vinne, ndo maana ikaitwa hivyo jamani. Oksijeni, gesi za kulipuka, monoksidi ya kaboni, haidrojeni salfaidi, basi. Klorini haina habari nayo, dawa ya wadudu haina habari nayo, sarini, ile sumu ya vita inayoshambulia neva, usiseme. Ikikaa kimya haijakupa ruhusa ya kuingia. Na ile oksijeni msisubiri mpaka ipige kelele kwenye asilimia 19.5, ukiona imetoka 20.9 imekuja 19.9 jiulize nani kachukua nafasi yake, maana oksijeni ni kama moja ya tano tu ya hewa, so ikipungua asilimia moja ujue kuna kitu kimejaza karibu asilimia tano ya hewa yote, yaani sehemu 50,000 kwa milioni, na gesi nyingi za sumu zinakumaliza chini ya hapo kwa mbali sana. Pua nayo usiiamini, harufu ya yai bovu, ndo hiyo haidrojeni salfaidi, ikipotea ghafla inawezekana gesi imezidi mpaka pua imekufa ganzi.

3. Nguo. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kulikuwa na ghala, foklifti imetoboa pipa la dawa ya wadudu, zile za jamii ya oganofosfeti zinazoshambulia neva, na mpakiaji mmoja kalowa kuanzia kifuani mpaka magotini. Alitoka kwa miguu yake, anaongea vizuri tu, akaja mpaka kwenye utepe wetu akasema bosi mimi nina kichefuchefu, sina shida nyingine. Mi ndo nlikuwa nasimamia usafishaji, mara ya kwanza kupewa, kichwa kimevimba, na hema letu la kuoshea watu lilikuwa jipya, lile la kujaza upepo lenye vyumba na mabomba ya maji ya vuguvugu. Nikamwambia kaa pale kwenye kreti mzee wangu, usiguse kitu, tunakuandalia. Nikaona nimefanya la maana kabisa, nimemtenga, hachafui mtu. Kumbe nimemkalisha na sumu yake mwilini.

Afu pampu ikagoma. Kiungo cha hozi hakiingii, nikaanza kugombana na kijana wa pampu, nikageuka namwona mzee anatema mate, nikasema ni kichefuchefu alichosema. Nikarudi kwenye pampu. Nilipogeuka tena jasho linamtiririka, machozi yanatoka, mboni zimekuwa ncha za sindano na msuli wa shavuni unacheza wenyewe. Na ovaroli bado anayo! Dakika zote ambazo mimi nahangaika na presha ya maji dawa ilikuwa inapenya kwenye ngozi yake, na mkasi ulikuwa unaning'inia kiunoni kwangu, na bomba la maji la ghala lilikuwa ukutani, naliona.

Kwenye tathmini wakaniuliza kwa nini hukumvua. Nikajibu eti utaratibu unataka avuliwe ndani ya hema. Uongo, hakuna utaratibu unaosema umsubirishe mtu aliyelowa sumu. Ukweli ni kwamba niliona aibu, getini watu wamejaa na simu zao juu, na yule ni rika la baba yangu, nikasema ngoja nimstiri. Na hema jipya nalo lilikuwa linanitamanisha kulionyesha, nalo niliseme. Ovaroli ilikuja kukatwa na paramediki ndani ya ambulensi, milango imefungwa, na paramediki naye akaishia kushuka na kichwa kinamgonga na macho yanamwaga machozi, kwa hiyo kwa uzembe mmoja nikapata wagonjwa wawili. Mzee alipona, kwa atropini nyingi, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na mashine ya kupumulia. Nilikwenda kumwona akaniomba radhi kwa usumbufu. Mimi ndo naombwa radhi, yaani nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye ndo nikasoma vizuri habari za Tokyo, sarini ndani ya treni za chini ya ardhi, Machi 20, 1995. Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu zaidi ya 600 siku ile ile, wengi wamekuja wenyewe, na nguo zao, wakajazwa mpaka kwenye kanisa la hospitali ambalo hewa haipiti vizuri. Zaidi ya wahudumu 100 wa hospitali hiyo wakapata dalili, na kwenye ambulensi 135 kati ya 1,364. Hakuna aliyekuwa amewavua watu. Na kuvua tu, kabla ya tone la maji, inakadiriwa kunaondoa asilimia 80 mpaka 90 ya uchafu.

Kwa hiyo: mwenye nguvu avue mwenyewe huku wewe unamwelekeza kwa sauti ukiwa mbali, asiyeweza mkatie, usivutie nguo juu ya kichwa ukampakaza usoni, kunjia nje, funika blanketi. Aibu ndo kazi ya blanketi. Kimiminika kinyonye kwa kitu kikavu kabla ya kuosha, isipokuwa kinachounguza, hicho ni maji hapo hapo na mengi. Hema likisimama, vizuri; lisiposimama endelea na ndoo.

4. Mionzi ndo mnaiogopa kuliko vyote na ndo ambayo angalau mita inaiona. Aliyepigwa mionzi bila kushikwa na vumbi lake hana cha kukuambukiza, na mwenye vumbi anavuliwa kama huyo mzee wangu alivyotakiwa kuvuliwa. Anayevuja damu zuia damu kwanza, vumbi baadaye, nimeona mtu anapitisha gaiga, kile kipima mionzi, kwenye kiatu cha majeruhi wakati mguu mwingine unamwaga damu, nikakosa hata la kusema. Chanzo cha mionzi kilicho wazi, anza na mita 30 kuzunguka pande zote, na mstari wa ndani wa eneo la hatari unasogezwa mpaka pale mita inaposoma maikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 100 kwa saa. Ukipima alfa, aina ya mionzi isiyopenya, usivishe kichwa cha mita plastiki, alfa haipiti plastiki, utatangaza mtu msafi kumbe umepima mfuko. Na Goiânia, Brazili, 1987, someni wenyewe: unga wa seziamu, kitu chenye mionzi, unaong'aa bluu usiku, watu wakaugawana na kujipaka, 4 wakafa, wengine kama 112,000 wakapimwa na 249 wakakutwa na uchafu. Chanzo chenyewe kilitoka kwenye mashine iliyoachwa kwenye kliniki iliyohama.

5. Vimelea vya magonjwa vinakupata ukiwa unavua suti, umechoka, unataka kujikuna pua. Vua polepole na mwenzako akikusomea hatua moja moja, hata kama umevua mara mia.

6. Hewa ya mtungi hesabu pamoja na kurudi na foleni ya kuoshwa. Wanaojisifu wanatumia hewa kidogo nimewatoa wengi wakiwa wanagonga vioo vya barakoa.

7. Ukivaa suti ya levo A, ile inayokufunga mwili mzima, ukahisi kuta zinakusogelea, niambie mazoezini, sitakucheka. Nami bado zipu ikifika shingoni nahesabu pumzi, na kuna mkongwe mmoja, simtaji, huwa anaimba.