Kufundisha kwa simu ukiwa kwenye dripu za saratani

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kama unaweza kuwafundisha kidato cha nne kwa WhatsApp ukiwa nyumbani Kasulu, huku kila baada ya wiki tatu unakwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa dripu za dawa ya saratani ya matiti. Nimepita humo, nikifundisha Baiolojia hapa Tabora. Inawezekana, ila si kila siku.

Siku za mwanzo baada ya dripu usipange kipindi. Mimi nilijilazimisha siku ya tano, mdomo umejaa vidonda, nikashindwa kumaliza hata sentensi. Wiki ya tatu ndiyo yako. Rekodi sauti za dakika tano tano alfajiri kukiwa kimya, piga picha ukurasa wa daftari, uzitume kidogo kidogo. Wengi hawana simu, kwa hiyo mwombe mwalimu mwenzako awawekee kwa spika darasani. Mkuu wa shule mpe barua ya daktari mapema.

Ninalokusihi hasa ni homa. Huku kwetu mtu akichemka anameza dawa ya malaria, analala. Wewe usithubutu! Dripu zinashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, kwa hiyo maambukizi madogo yanaweza kuua. Nunua kipimajoto, kikisoma nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, na useme uko kwenye dripu za saratani. Mitishamba nayo usinywe kabla daktari wako hajajua.

Sauti zangu za mada ya urithi bado ninazo. Ukizihitaji, sema nikutumie.