Barua kwa mwanangu kuhusu somo la nne

Tanga, 26 Agosti 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi hapa nyumbani tu wazima, na mama yako anakusalimu wewe, mkamwana wake na wajukuu. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara nyingi kuliko unavyodhani, na nimechelewa kuujibu kwa makusudi, kwa sababu swali ulilouliza halikustahili kujibiwa kwa haraka kwenye simu.

Umenieleza kwamba matokeo ya GCSE ya mjukuu wangu, ule mtihani wa huko Uingereza ulio kama wa kidato cha nne chetu, yametoka, amepata 9, alama ya juu kabisa, katika Hisabati, 8 katika Kemia na Baiolojia, na 7 katika Fizikia. Amechagua Baiolojia, Kemia na Hisabati kwa miaka yake miwili ya A-level, iliyo kama kidato cha tano na sita chetu, ila wewe na mkeo mnafikiri aongeze Fizikia iwe somo la nne, ili akishikilia udaktari aupate, na akighairi akataka uhandisi asikute mlango umefungwa. Shule inataka jibu kabla ya masomo kuanza Septemba. Ukamalizia kwa kuuliza, "Baba, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mwanangu, jambo hilo nimekwisha kulifanya, na nililifanya kwako wewe.

Mwaka 1999 ulipopangiwa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, mimi nilikuwa nimefundisha Hisabati ya kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na nilijiona sina la kujifunza tena kuhusu madarasa hayo. Nilijua kwamba PCM humpeleka mtu kwenye uhandisi na PCB, yenye Baiolojia mahali pa Hisabati, humpeleka kwenye udaktari, nikaona ni hasara kijana mwenye akili kama zako kushika njia moja tu. Nikakutafutia tuisheni ya Baiolojia jioni tatu kwa wiki, kwa hesabu yangu kwamba ukishamaliza kidato cha sita utakaa mwaka mmoja, uifanyie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha uchague unakotaka. Ulikuwa ukitoka shule saa kumi, unakula upesi upesi, unakwenda tuisheni, unarudi saa mbili usiku. Na saa tano ninakukuta umeinamia mchoro wa figo mbele ya taa ya chemli kwa kuwa umeme umekatika, ilhali daftari la Hisabati liko kando halijafunguliwa. Niliona yote hayo, nikajivunia bidii yako.

Matokeo ya mwaka 2001 tunayakumbuka sote wawili: Fizikia C, Kemia C, Hisabati S. Somo alilokuwa akilifundisha baba yako ndilo lililokuangusha. S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili, na uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haukumpokea mtu asiye na ufaulu kamili wa Hisabati na Fizikia. Mwaka ule niliokuwa nimeuwekea Baiolojia ukautumia kurudia Hisabati, ukaingia chuoni ukiwa nyuma ya wenzako mwaka mzima, na mtihani wa Baiolojia hukuufanya kamwe.

Niliwaambia ndugu na majirani kwamba ulizembea, na wewe mwenyewe nilikuambia hivyo hivyo. Haikuwa kweli. Kosa lilikuwa langu, na nakuomba radhi kwa kukuachia mzigo huo miaka ishirini na minne. Ningependa ulijue hilo kwanza, kabla ya kusoma ninayoyasema kuhusu binti yako, kwa sababu hoja uliyoniandikia ya milango miwili ni hoja yangu ile ile, karibu kwa maneno yale yale, na nadhani uliipata kwangu.

Lakini Uingereza si Tanzania, na sitaki kumpimia mjukuu wangu kwa pishi lako. Kwa hiyo nimekaa nikasoma masharti ya vyuo vya huko kadiri nilivyoweza.

La kwanza nililoliona ni kwamba hofu yenu ya kukosa Fizikia mmeibeba kutoka huku. Kwetu masomo ya kidato cha tano huja yamefungwa pamoja katika tahasusi, na hata baada ya Serikali kuziongeza mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65, mwanafunzi bado huchagua fungu zima, hachagui somo moja moja. Anayetaka udaktari hapa lazima awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa hiyo mtu wa kwetu akimwona mtoto anayeutaka udaktari ameiacha Fizikia, moyo humruka. Huko mambo si hivyo. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza hutaka Kemia, vingi huongeza Baiolojia, na somo la tatu humwachia mwanafunzi mwenyewe. Kwa masomo matatu aliyoyachagua, binti yako tayari amesimama mahali pazuri kwa udaktari, na pia kwa ufamasia.

Anachokikosa ni uhandisi wa mitambo, wa ujenzi na wa umeme, ambao kwa kawaida hudai Hisabati na Fizikia. Uhandisi wa kemikali ni habari nyingine, kwani vyuo kadhaa hukubali Hisabati na Kemia. Na hata huo wa mitambo na ujenzi, kuna vyuo vyenye mwaka wa maandalizi kwa wale waliofika bila masomo yanayotakiwa. Ni mwaka mmoja zaidi, nao ni gharama, sikatai. Lakini ni gharama ya kulipwa pale tu mtoto atakapobadili nia kweli, si ya kulipwa na kila mtu kuanzia Septemba hii.

La pili ni hesabu ya pointi, ambayo naona imekuvutia, kwani uliandika kwamba masomo manne yatamwongezea pointi za UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya huko. Ni kweli. A moja ina pointi 48 na B moja ina 40, kwa hiyo A tatu ni 144 na B nne ni 160. Ukizitazama namba hizo peke yake utasema mwenye B nne amemshinda mwenzake. Ila vyuo vyenye ushindani mkubwa, na udaktari hasa, havitangazi nafasi zao kwa pointi. Hutaja madaraja, mara nyingi AAA, na huyadai katika masomo matatu. Mwenye A tatu ataingia, na mwenye B nne atabaki nje na pointi zake 160. Hata Cambridge, ambako nafasi hutolewa kwa A*A*A au A*AA (A* ni daraja lililo juu ya A), hesabu ni ya masomo matatu.

Jirani yako aliyekuambia kwamba enzi zake wote walisoma masomo manne hakukudanganya. Kuanzia mwaka 2000 wanafunzi wengi wa huko walikuwa wakianza na masomo manne ya AS, yaani nusu ya kwanza ya A-level, katika mwaka wa kwanza, kisha wakiacha moja na kuendelea na matatu, na alama za mwaka huo wa kwanza zilihesabiwa katika matokeo ya mwisho. Kwa England utaratibu huo ulianza kuvunjwa mwaka 2015, na sasa A-level hupimwa yote mwishoni mwa mwaka wa pili. Mwenye kubeba manne siku hizi huyabeba hadi Mei na Juni ya mwisho, na somo la sayansi peke yake lina karatasi tatu hivi.

Sasa nije kwenye saa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea. A-level moja imekadiriwa saa 360 za kufundishwa kwa miaka miwili. Ukiongeza na kujisomea, ambako mwanafunzi makini hatumii muda mdogo kuliko wa darasani, somo la nne linadai saa zaidi ya 700. Wazazi tunapozifikiria saa hizo tunadhani zitatoka kwenye simu, kwenye usingizi wa Jumamosi asubuhi, au kwenye maongezi na marafiki. Sivyo zinavyotoka. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sikuona mtoto aliyezidiwa akiacha kusoma somo linalomtisha. Hilo hulikeshea, kwa sababu analiogopa. Anachokipunguza ni lile somo analojiamini nalo, lile ambalo moyo wake unamwambia litajisimamia lenyewe. Wewe ulikuwa na A ya Hisabati kidato cha nne. Ndiyo maana daftari lililobaki limefungwa mbele ya ile chemli lilikuwa la Hisabati, na lisingeweza kuwa jingine.

Binti yako ana 9 ya Hisabati. Fizikia ndilo somo lililompa alama ya chini kuliko mengine matatu, na ndilo mnalotaka kumwongezea. Unaona mwenyewe ni daftari lipi litakalofungwa.

Na bado sijaitaja kazi ya udaktari wenyewe. Anayeomba udaktari huko hupeleka maombi ifikapo 15 Oktoba ya mwaka wake wa pili, miezi mitatu kabla ya waombaji wengi. Kabla ya hapo awe amefanya UCAT, mtihani wa kuwachuja waombaji wa udaktari, na awe na kitu cha kusema kuhusu kuwahudumia watu, kwa mfano awe amekwenda kujitolea kwenye makao ya wazee au mahali kama hapo. Hayo nayo yana saa zake, na kwa mtoto mwenye nia ya udaktari yana uzito kuliko daraja lolote la Fizikia.

Kuna somo moja la nne ambalo nisingelipinga kwa nguvu hizi, nalo ni Further Mathematics, yaani Hisabati ya nyongeza. Hilo limeota kwenye shina moja na Hisabati, na saa anazolitengea huirudia Hisabati yenyewe kwa faida. Anayetaka kusomea shahada ya Hisabati Cambridge hutarajiwa awe nalo. Ninalitaja kwa sababu ya sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu, kwamba likizo hii umemkuta mara kadhaa akifanya maswali ya hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Wewe umeipita sentensi hiyo, mimi imenisimamisha. Udaktari mmeutaja ninyi, uhandisi mmeutaja ninyi, Fizikia mmeitaja ninyi; katika ujumbe mzima hicho ndicho kitu pekee anachokifanya yeye kwa hiari yake. Sisemi kwamba hataki udaktari. Nasema hatujamsikia.

Basi jibu langu ni hili: ningemwacha na masomo yake matatu. Nisingeongeza Fizikia kwa ajili ya mlango ambao hajauomba.

Ikiwa yeye mwenyewe, bila kusukumwa, atasema anaitaka Fizikia kwa sababu anaipenda, hapo nitabadili neno langu, kwani somo la kupendwa halichoshi kama somo la kupangiwa. Muulizeni mwalimu kama shule itamruhusu aanze na manne na kupunguza baadaye. Shule nyingi za huko hukubali. Lakini wekeni tarehe tangu mwanzo, na iwe mapema, ile likizo fupi ya mwishoni mwa Oktoba, mkae mtazame kazi zake za Hisabati na Kemia, si za Fizikia. Hisabati ikiwa imeshuka, Fizikia iachwe siku hiyo hiyo. Na mwambieni leo, kabla hajaanza, kwamba kuiacha hakutaitwa kushindwa ndani ya nyumba yenu. Wewe hukuambiwa hivyo, na nakumbuka jioni moja ulisimama mlangoni ukitaka kuniambia jambo, nikakuuliza kama umemaliza zoezi la Baiolojia, ukasema bado, ukarudi chumbani. Mpaka leo sijui ulitaka kuniambia nini, ila nimelifikiria sana wiki hii.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kuijibu shule. Kaa naye peke yenu, usiitaje Fizikia wala udaktari, umuulize ni somo lipi angelisoma hata kama lisingekuwa na mtihani, kisha umwache aseme hadi amalize. Jumapili nitampigia simu baada ya Alasiri ya huku. Sitamwambia mimi nimekushauri nini; nataka kwanza anieleze yale maswali ya hesabu ya likizo, na kama kuna lililomshinda, alitayarishe tulitazame pamoja.

Mama yako amesoma barua hii, akaniambia nisiifute ile sehemu ya mwaka 2001. Sikuifuta.

Wako,
Baba