Vifaa vya kufungia inzi wa kuvulia samaki vimepanda: lipia manyoya ya jogoo, vingine vipo hapa hapa

Ndugu uliyeuliza kama kufunga inzi wako mwenyewe (chambo bandia cha manyoya na uzi kwenye ndoano) bado kunalipa, maana ngozi moja ya jogoo yenye manyoya yake, ya daraja la juu kutoka Marekani, inapita dola 100 kabla ya usafiri na ushuru: kunalipa, mradi ujue pesa yako inaingia wapi. Nimefunga inzi Nairobi miaka mingi, kwanza kwenye karakana inayouza nje, sasa kwa wateja wangu wanaovua samaki aina ya trauti Aberdare na Mlima Kenya. Vilivyopanda vibaya ni vichache. Vingine tunavinunua ghali kwa mazoea tu.

Anza na manyoya. Majogoo hao wa Marekani wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya manyoya, si nyama wala mayai, na jogoo huchukua karibu mwaka mzima kukomaza manyoya ya mgongoni. Mahitaji yakipanda ghafla, hakuna mfugaji wa kuongeza mzigo kesho. Mwaka 2011 saluni za huko ziliposhika mtindo wa kupachika manyoya hayo kwenye nywele za wateja, bei iliruka na baadhi ya rangi wavuvi wakazikosa kabisa. Sisi tuna mzigo wa shilingi pia: Januari 2024 dola ilikaribia 160, na iliporudi 130 hivi, wauzaji niliowazoea hawakushusha kitu.

Je, jogoo wa kienyeji hafai? Chukua unyoya wake wa shingo, upapase kwa vidole kurudi nyuma mpaka nyuzi zisimame, kisha uinue kwenye mwanga. Utaona ukanda mpana uliofungamana kandokando ya mti wake. Ukanda huo hunywa maji, kwa hiyo inzi wa kuelea aliyefungwa nao huzama baada ya kurushwa mara chache. Unyoya wa mgongoni wa jogoo wa Marekani karibu hauna ukanda huo, nyuzi zake ni ngumu na zinalingana, na mmoja mrefu hutoa inzi watano au zaidi. Gawa bei kwa idadi ya inzi uone. Hapo mimi sibani mkono. Kama bei ni nzito, nunua nusu ngozi au changeni wawili.

Kwa inzi wa kuzama, kienyeji ni bora kabisa, kwa sababu ulaini wake unacheza majini. Inzi wa kuzama aitwaye Kenya Bug, yule mweusi, sijawahi kumfunga kwa kitu kingine. Ngozi ya shingo unaipata kwa wachinja kuku sokoni kwa bei ya maelewano. Kwangua mafuta yote, osha kwa sabuni ya vyombo, ibane kwa pini kwenye kadibodi, nyunyizia boraksi, kausha kivulini wiki mbili, kisha ikae kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuiweka na nyingine. Friza usiiruke hata kidogo. Viwavi wa nondo wakiingia kwenye sanduku watakula hata ile ya dola 100.

Shanga za tungsteni, metali nzito tunayomwekea inzi ili azame haraka, nazo zimepaa. China ndiyo inayochimba sehemu kubwa ya tungsteni duniani, na Februari 2025 iliweka masharti ya vibali vya kuiuza nje. Uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya shaba nyeupe, kwa hiyo kwenye vilindi vya maji makali, tuseme mto Ragati mvua ikishanyesha, haina mbadala. Kwingine weka shanga ya shaba nyeupe na uzungushe waya wa shaba chini ya mwili wa inzi. Waya huo nauchukua kwa mafundi wanaosuka upya mota za umeme, nao una rangi nzuri ya kahawia. Frank Sawyer, mtunza mto Avon kule Uingereza, alimfunga inzi wake maarufu kwa waya wa shaba na nyuzi za mkia wa ndege aitwaye fesanti tu, bila hata uzi wa kawaida.

Manyoya mepesi yanayouzwa kwa jina la marabou siku hizi ni ya bata mzinga. Desemba ongea na anayechinja. Ngozi ya sungura ipo kwa wafugaji.

Naomba sana jambo moja: msiokote manyoya ya ndege wa porini kwa sababu ya bei. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu unyoya kuwa nyara, na hata kufuga kanga kunahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Kwenye ndoano usitafute rahisi. Ile laini itanyooka siku ya samaki mkubwa.

Na nyinyi mnaonunua dazani tayari, mfungaji hulipwa kwa dazani. Ukishikilia bei ya zamani wakati vifaa vimepanda, kinachopungua ni ujira wa mikono yake, kwa kuwa muuza manyoya hapunguzi. Mimi nimepandisha inzi wa kuelea na wenye tungsteni peke yao. Wa kuzama wa kienyeji wamebaki palepale, na anayetaka punguzo ndio ninaomwonyesha.