FNP kwa mtandao: uanzie wapi

Dada, umeuliza uchague vipi chuo cha mtandaoni cha FNP (muuguzi wa ngazi ya juu anayetibu familia, Family Nurse Practitioner) ukiwa RN (muuguzi aliyesajiliwa) mwenye BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi) huko Texas, Marekani. Kwanza ithibati, yaani programu iwe imeidhinishwa na mojawapo ya vyombo hivi vya elimu ya uuguzi: CCNE, ACEN au CNEA. Bila hiyo, ANCC na AANPCB, mashirika yanayotoa cheti cha FNP, hawatakuruhusu kufanya mtihani wa cheti, hata ukihitimu. Hakikisha pia chuo kinapokea wakazi wa jimbo lako.

Wengi hukwamia kliniki, yaani mafunzo kwa vitendo. Darasa ni la mtandaoni, wagonjwa ni ana kwa ana. Viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Uliza, na ujibiwe kwa maandishi: nani anatafuta msimamizi wa kliniki (preceptor, mtaalamu atakayekufundisha kazini), chuo au wewe? Ukiachiwa mwenyewe, anza miezi mingi kabla; wasimamizi wengine hudai malipo. Ada nafuu isikupumbaze hapo.

Kama shahada yako ya uuguzi ni ya Muhimbili, anza mapema tathmini ya transkripti (orodha ya masomo na alama zako).